Kitabu Alichokizika Donatienne

Donatienne ni binti wa jirani yangu wa zamani kule Uvira, na hapa Thorncliffe Park tunakaa jengo moja. Yeye yuko ghorofa ya kumi na mbili, mimi ya nne, kwa sababu lifti za jengo letu zinaugua kuliko wazee waliomo, na sina nia ya kufia kwenye ngazi. Ananiita Koko, yaani bibi, kama watoto wote wa Kikongo wa hapa. Mimi shule niliionea dirishani nikiuza ndizi, lakini habari za watu nazishika, na ya Donatienne nimeishika kwa sababu aliniletea yote, vipande vipande, akiwa bado na koti la kazini mwilini.

Mnanijua kwa chumvi. Mwaka niliofika Toronto baridi ilikuwa kali hata maneno yaliganda hewani. Nilimsalimia jirani mwezi wa kwanza, akanisikia mwezi wa nne. Yule jirani bado yupo, muulizeni. Basi chumvi nitaitia mahali pake, ila kwenye kitabu sitatia hata punje, maana kile kitabu kina uchungu wa kutosha.

Mambo yanaanzia sokoni Uvira. Baba yake Donatienne alikuwa katekista, mtu mwembamba, mpole, mwenye suruali moja ya Jumapili. Siku moja mtoto alitumwa karanga, akarudi nazo zimefungwa kwenye karatasi ya Zaburi. Muuza karanga alikuwa ameokota Biblia iliyochakaa, anachana ukurasa mmoja mmoja. Mzee hakugombana naye. Alirudi sokoni akanunua karanga zote zilizokuwa zimefungwa, na kesho yake tena, mpaka Biblia ile ikaisha. Nyumba nzima ilikula karanga hadi mbuzi wao akawa anatoa maziwa yenye harufu ya karanga. Kurasa zile alizinyoosha kwa kiganja, akazifunga kwa utepe wa kitambaa, kushoto kulia, juu chini, akazitia ndani ya kopo la maziwa ya unga. Zikae hapo zingoje nini, hakujua. Kuzichoma aliona vibaya, kuzitupa vibaya zaidi. Vita vilipofika walikimbia, na kopo likabaki juu ya kabati. Mzee yule alikufa akiwa bado anauliza habari zake.

Kwa hiyo Donatienne alikua na swali: karatasi yenye neno la Mungu ikishachoka, inapelekwa wapi?

Hapa Toronto alipata kazi ya kutunza wazee majumbani. Kuogesha, kulisha, kugeuza kitandani, kupanda mabasi mawili kwenda na mawili kurudi. Akapelekwa kwa mzee mmoja Myahudi, karibu na barabara ya Bathurst, anaitwa Nissim. Siku ya kwanza, akimwinua kutoka kitini, Donatienne alinong'ona kwa Kiswahili kwamba mzungu huyu ni mzito kama gunia la muhogo. Mzee akamjibu, mdomo karibu na sikio lake, "Muhogo ya Katanga, mama. Ile njo mzito."

Donatienne alikaribia kumwachia.

Kumbe Mzee Nissim alizaliwa Elisabethville, ambayo sasa ni Lubumbashi, kule Katanga wanakosema njo badala ya ndiyo. Wazazi wake walitoka kisiwa cha Rodos, wakaja Kongo kuuza vitambaa, na yeye akakulia barabarani na watoto wa Katanga. Nyumbani mama yake alimsemesha lugha yao, Kihispania cha zamani walichotoka nacho mababu Hispania, na mtoto akajibu kwa Kiswahili. Kama watoto wetu hapa hapa. Donatienne anamsemesha Aurore wake Kiswahili tangu asubuhi, na Aurore anamjibu Kiingereza bila kuinua macho kwenye simu.

Siku moja niliongozana naye kumsalimu mzee. Nilimsimulia habari ya mamba wa Tanganyika aliyemeza fundi cherehani, akaanza kutokea ufukweni kavaa suti iliyomkaa vizuri. Mzee Nissim alicheka mpaka akakohoa. Akaniita Kambo, ndivyo wanavyoita bibi kwao Katanga, ingawa ananizidi umri. Akasema uongo wangu ni mkubwa, mtu mmoja tu alinipita, naye ni mama yake, aliyemwambia kwamba simba wawili waliochongwa sinagogi ya Elisabethville hushuka kula vidole vya mtoto anayechungulia chakula siku ya kufunga. Yeye aliamini mpaka akaota ndevu.

Katika nyumba ile vitabu vilikuwa vingi kuliko sahani. Donatienne aliona mambo. Kitabu kikianguka, mzee anaomba kiinuliwe, anakibusu. Na karibu na mlango kulikuwa na kisanduku chenye vitabu vilivyoraruka, vingine vimefungwa kamba. Akadhani ni takataka, akauliza kama akishushe. Mzee akamwambia hapana, hivyo havitupwi wala kuchomwa. Vinazikwa. Watu wa sinagogi hupita kuvichukua, vinapelekwa makaburini, vinafukiwa kwa heshima kama mtu.

Jioni hiyo alikuja kwangu akakaa bila kuvua koti. Akasema, "Koko, wanazika," na machozi yakamtoka. Nilijua ni lile kopo la maziwa. Mtu ametembea kutoka Uvira mpaka Kigoma, kutoka Kigoma mpaka Kanada, jibu la baba yake linamsubiri kwenye kisanduku karibu na mlango wa mtu.

Tangu hapo akaipenda desturi ile kuliko wenyewe. Alimwuliza mzee kila kitu huku anamlisha. Mzee akamweleza kwamba maneno makubwa ya sala, yale ya Kiebrania, ni yale yale karibu kila mahali, lakini pembeni kuna herufi ndogo zinazomwambia mtu afanye nini: hapa simama, hapa inama, hapa sema kimya. Na hizo ndogo, wachapishaji wa zamani waliziandika kwa lugha ya mnunuzi. Waliochapa Vilna kwa ajili ya Wayahudi wa kule kwenye theluji walitia lugha ya nyumbani ya watu hao. Waliochapa Livorno kwa ajili ya watu wa Tunis walitia Kiarabu. Na Vienna walichapa kwa ajili ya watu wa visiwa na miji ya Waturuki, kama Rodos, wakatia kile Kihispania cha mama yake. Nikasema wachapishaji hao walijua biashara: Mungu mmoja, wateja mbalimbali.

Mama yake Nissim, maneno makubwa hakuyaelewa. Alisoma herufi ndogo tu. Siku ya kufunga alikaa juu sinagogini, upande wa wanawake, mtoto ubavuni, kidole kikitembea pembeni mwa ukurasa, na kila alipofika kwenye herufi ndogo alimnong'oneza mtoto kwa Kiswahili ili aelewe. Hivyo ndivyo Nissim alivyojifunza sala ya kwao. Sauti kubwa za wanaume chini, na Kiswahili cha mama sikioni.

Basi mwaka juzi, kabla ya Pasaka yao, Mzee Nissim alianguka bafuni akalazwa hospitali. Wao kabla ya Pasaka husafisha nyumba mpaka chembe ya mkate isionekane. Binti yake, Vida, anayekaa Thornhill, mwanamke wa haraka haraka lakini si mbaya, alimwomba Donatienne asafishe na kukung'uta vitabu, na vile vilivyochoka avitie kisandukuni maana watu wa sinagogi wanapita wiki hiyo. Donatienne akisafisha, nzi huvua viatu mlangoni. Alikung'uta kitabu kimoja kimoja. Rafu ya chini kabisa, nyuma, akakuta kimoja kisicho na jalada, kurasa zimekuwa kahawia, ukurasa wa kwanza umebaki nusu. Kilikuwa kimefungwa kwa utepe wa kitambaa, kushoto kulia, juu chini.

Ungekuwa wewe ungesema nini? Mtu mwingine yeyote angeuliza, au asingejali. Donatienne aliuona mkono wa baba yake. Akajua kabisa kwamba hiki kimeshatayarishwa, kinangoja safari. Alikibusu kama alivyomwona mzee akifanya, akakiweka juu ya vingine, uso juu. Watu wakapita, wakachukua. Aliniambia kwamba siku hiyo aliimba ndani ya basi, na Donatienne si mtu wa kuimba ndani ya basi.

Mzee alirudi nyumbani amepungua nusu. Joto likaja, likaanza kuondoka. Ilipokaribia siku yao kubwa ya kufunga, akamwambia Donatienne amletee buku ya mama, ile ya chini, yenye kitambaa. Kila mwaka huitoa wakati huu tu. Kitambaa chenyewe ni mkanda wa gauni la mama. Alisema mwaka huu Vida atakaa karibu yake sinagogi na kumsomea, macho yake yamekwisha, na hana hakika ya mwaka mwingine.

Donatienne hajui kudanganya. Nimejaribu kumfundisha, hashiki. Alipiga magoti karibu na kiti akamwambia, "Baba, niliizika."

Mzee aliisukuma chai yake pembeni. Halafu akauliza kama ilifungwa vizuri. Donatienne akasema ndiyo, kwa kitambaa chake. Akauliza kama iliwekwa chini ya vingine. Akasema hapana, juu.

"Buku ile ilikuwa nzee kupita miye," Mzee akasema. "Ilikuwa na haki ya kulala. Lakini ingenisubiria kidogo."

Vida alipojua aliwaka, na nani angemlaumu? Alipiga simu sinagogi, akapiga makaburini. Jibu likawa moja: vitabu vile viliwekwa ndani ya kaburi la mtu, pamoja naye, kama wanavyofanya mara nyingine, na kaburi la mtu halifunguliwi. Mzee mwenyewe alikataa hata kuulizwa. Donatienne alikwenda peke yake siku yake ya mapumziko, akasimama nje ya uzio, hakujua ni lipi kati ya yale mawe, akarudi.

Ikabaki kutafuta kingine. Bahati, Vida alikuwa na picha ya ule ukurasa wa kwanza ndani ya simu. Wakaenda pamoja, yeye na Donatienne, kwa mzee mmoja anayeuza vitabu vya Kiebrania vya zamani, duka refu kama handaki. Niliambiwa lina vitabu mpaka chooni. Aliitazama picha kwa kioo cha kukuzia. Akasema ni Vienna, kitabu cha sala za siku ya kufunga, kilichapwa kwa ajili ya watu wa Rodos na Salonika na Izmir. Akawatolea vya karibu yake. Kimoja cha Livorno, kizuri, lakini herufi ndogo ni Kiarabu. Kimoja cha Vilna. Kimoja cha Vienna kweli, lakini mwaka mwingine, na sala zimekatwakatwa. Vida aliuliza kwa nini kitabu kilichochapwa kwa maelfu kimepotea hivi. Yule muuza vitabu akasema watu waliokuwa wakikinunua walichukuliwa kwenye vita vya Ujerumani, wa Rodos karibu wote, na mchapishaji hawezi kuchapia watu wasiokuwepo. Alichukua namba ya simu. Akasema atauliza Istanbul, atauliza Yerusalemu, wasimkimbize.

Lakini siku zilikuwa zinakimbia zenyewe. Mzee Nissim akasema basi, leteni buku mpya ya sala, ile ya Amerika. Ile ina herufi ndogo za Kiingereza: simameni, kaeni, kama askari wa barabarani. Akamwambia Donatienne achukue penseli. Vida anasoma sala taratibu, wakifika mahali mzee anainua kidole, anatoa maneno ya mama, na Donatienne anayaandika pembeni. Ila Kihispania cha mama hakikuja hata neno. Yalikuja kama alivyonong'onezwa, Kiswahili cha Katanga.

Nimekiona kitabu hicho, Donatienne alinisomea. Hapa simama, baba. Hapa piga kifua polepole, usijiumize. Hapa kila mtu anaombea wafu wake, nyamaza. Hapa nenda ukanywe hewa, urudi mbio. Walifanya hivyo siku nyingi, na Donatienne alianza tena kulala usingizi. Vida, ambaye Kiswahili hakukijua hata cha kuombea maji, akaanza kuuliza hili lina maana gani, lile lina maana gani. Hasira zikamwisha.

Pakabaki mahali pamoja. Mwisho wa siku kuna sala ya mwisho kabisa, wanaiita ya kufungwa kwa milango, jua linapozama na watu wamechoka, wamebaki miguu tu. Mzee alisema hapo mama alimwambia neno. Alikumbuka harufu ya ndimu yenye karafuu aliyoshika mama ili asizimie, alikumbuka mkono wake shingoni, lakini neno halikuja. Walirudi hapo mara nyingi. Kila mara anasema lilikuwepo, liliandikwa, aliona kidole cha mama juu yake. Kila mara Donatienne anashika penseli, anashusha penseli. Pembeni pakabaki peupe. Na ule weupe ulikuwa kosa la Donatienne, kila mtu alijua, hakuna aliyesema.

Siku ilipofika Donatienne alimsukuma mzee kwenye kiti cha magurudumu mpaka sinagogi. Mimi nilikuwa nyumbani, goti limevimba kama boga, na mpaka leo nalilaani goti lile. Sinagogi ya hapa wanawake hukaa pamoja na wanaume, basi Vida alikaa kulia, Donatienne kushoto, akimnong'oneza maneno ya penseli, moja baada ya jingine, na mzee anafuata kama mtoto. Alisimama pa kusimama, wakimshika kwapa. Alinyamaza pa kunyamaza. Jua likashuka. Sala ya milango ikaanza, watu wote wima. Mzee akageuza uso kwa Donatienne, anangoja.

Akauliza, "Hapa mama anasema nini?"

Donatienne akatazama ukurasa. Angeweza kusema lolote. Angesema simama, baba. Angesema karibu tutakula. Lakini alikwisha kukosea mara moja kwa kukizika kitabu, akaogopa kutia neno lake mahali pa neno la mama.

"Hapa hapana kitu, Baba," akasema.

Mzee akaitikia kwa kichwa, akageuza uso mbele. Akakaa hivyo mpaka baragumu likapigwa na watu wakaanza kutakiana heri.

Alikufa kabla theluji haijayeyuka. Donatienne alikwenda kuzika, na alipoona Wayahudi wenyewe wakishika sepetu kwa zamu, naye akashika zamu yake.

Sasa sikilizeni. Mwaka huu, miti inaanza kutoa majani, yule muuza vitabu akampigia Vida. Kimepatikana. Vienna, mwaka ule ule, ukurasa wa kwanza sawa na ule wa kwenye simu, kimetoka Izmir kwa mjane mmoja. Vida akampitia Donatienne kazini kwa gari, wakaenda. Kilikuwa kizima, na jalada lake. Donatienne hakutaka kukishika. Aliomba kitu kimoja tu, asomewe herufi ndogo za mwisho, kwenye sala ya milango. Yule muuza vitabu anajua kile Kihispania kidogo. Akafungua, akatelemsha kidole, akafungua ukurasa mwingine, akarudi. Akavaa miwani nyingine.

Pale hapakuwa na herufi ndogo. Maneno makubwa tu, kutoka juu hadi chini, na pembeni peupe.

Donatienne alimwambia atazame tena. Akatazama tena. Akasema mchapishaji hakutia kitu hapo, kwa nini atie, kila mtu alikuwa tayari amesimama.

Aliponisimulia nilielewa kabla hajamaliza. Yule mama alikuwa mwenzangu. Ana mtoto aliyechoka, mwenye njaa, anayejinyonganyonga, na karatasi imeishiwa maneno. Akaweka kidole mahali patupu, akasoma. Alimsomea mtoto wake neno ambalo halikuchapwa Vienna wala popote, na mtoto akalibeba miaka themanini akidhani limeandikwa. Kitabu kingetoka kaburini kesho, neno lile lisingekuwemo. Donatienne alibeba hatia ya bure moyoni mwake tangu Pasaka ile, na pale pale aliposema hapana kitu, ndipo alipotakiwa kufanya kama mama alivyofanya.

Nilimwambia nusu ya hayo, ile nusu ya kwanza, kwamba kitabu hakikuwa na hatia na yeye pia. Nilidhani itampunguzia. Lakini Donatienne si mjinga, nusu ya pili aliifikia mwenyewe. Akasema, "Koko, aliniuliza. Aliniuliza miye, na nilikuwa na mdomo."

Akafungua mkoba wa kazi, akatoa kile kitabu cha Amerika. Vida alimpa, akasema chenyewe sasa ndicho cha familia, ila Donatienne akae nacho mpaka siku ya kufunga, halafu aje nacho awasomee yeye na watoto maneno ya penseli, maana wao hawawezi. Akakifungua kwenye sala ya milango, akakiweka mezani kwangu, kati ya vikombe. Akaweka na penseli.

"Weye unajua uongo," akaniambia. "Mtoto amechoka, jua linazama. Mama anamwambia nini?"

Mimi, niliyemvika mamba suti. Nilitazama ule weupe. Nilimfikiria yule mwanamke na ndimu yake, na dada zake aliowaacha Rodos, ambao baadaye walichukuliwa na hakuna aliyerudi. Nikafikiria mkono shingoni mwa mtoto. Nikaisukuma penseli irudi upande wake. Aurore alitoka chumbani kutafuta chaja yake, akatuona tunatazama kitabu, akauliza kwa Kiingereza tunafanya nini. Akaichukua chaja, akarudi.

Donatienne alingoja mpaka akamaliza chai yake. Kisha akachukua penseli, akairudisha mkobani.